Nimekabidhiwa fomu za idara tano, nianzie wapi?

KabatiBilaUfunguo

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya walioshika kazi hii kabla yangu, maana huku nilipo hakuna wa kumuuliza.

Wiki tatu zilizopita nilitolewa uhasibu nikapelekwa kitengo kipya cha uratibu wa fomu. Kitengo chenyewe ni mimi, meza, na kabati lisilo na ufunguo. Barua ya uhamisho inanitaka niandae rejista moja ya fomu zote zinazotumika katika idara tano: vizazi na vifo, ardhi, leseni, ustawi wa jamii na kodi ya majengo. Kwa mdomo bosi akaongeza kwamba zote ziwe mtandaoni kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Nimepita dirisha kwa dirisha nikiomba nakala. Mpaka jana nilikuwa na fomu 212, na kila nikidhani nimemaliza, mtu ananivuta pembeni kunionyesha nyingine aliyoificha kwenye droo. Ya maombi ya leseni peke yake nimeikuta kwa sura nne. Moja bado ina jina la zamani la idara. Nyingine imetolewa nakala ya nakala ya nakala hadi ule mstari wa chini, wenye namba ya fomu na tarehe ya toleo, umekuwa doa jeusi. Karani wa dirisha la pili anaapa ya kwake ndiyo halali kwa sababu aliachiwa na mkuu wake aliyestaafu. Wa dirisha la tano anatumia nyingine kwa kuwa, namnukuu, "nafasi ya anwani inatosha."

Kilichoninyima usingizi lakini ni cha Jumanne. Mama mmoja alikuja kuhamisha kiwanja cha marehemu mumewe. Nilikaa naye benchi moja nikahesabu: ameandika jina lake kamili mara kumi na moja, kwenye karatasi za idara mbili ambazo milango yake inatazamana. Mara ya tisa akaruka herufi moja, karani akamrudishia zote aanze upya. Halafu akaambiwa alete nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kifo, cheti kilichotolewa ghorofa ya juu ya hapo alipokaa.

Basi, nianze na zipi? Fomu inayotumiwa na idara mbili ni ya nani? Na nikizipitisha zote kwenye skana nikaziweka mtandaoni kama zilivyo ili bosi atulie, nitakuwa nimekosea?

BibiWaMasjala

Mwanangu, pole na hongera. Nimeifanya kazi hiyo miaka 27 mpaka nikastaafu, na kabati langu lilikuwa na ufunguo lakini halikuwa na mlango.

Hizo 212 ziweke kando kwanza. Fomu tupu haikwambii kitu. Omba kibali uingie masjala, na kwa kila huduma kubwa ufunguliwe majalada thelathini ambayo yameshafungwa. Yasome humo humo, usitoke nayo, kwani yana siri za watu. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni maneno ambayo makarani wameandika kwa mkono pembezoni. Ukikuta "ana mlezi?" imeandikwa pembeni kwenye majalada ishirini, hilo ni swali ambalo fomu ilipaswa kuuliza ikasahau. Cha pili ni vistari. Mahali ambapo watu wote wamepiga kistari, hapo pana swali lililokufa bila mtu kulizika.

Nikupe la kwangu. Tulikuwa na kisanduku cha "namba ya kibali cha awali". Mwananchi asipokijaza anarudishwa. Nikamuuliza karani kinasomwa na nani, akasema watu wa ukaguzi. Ukaguzi wakasema ni cha mipango. Mipango wakasema wao walidhani ni cha masjala, yaani mimi! Nilipochimba nikakuta kibali chenyewe kilifutwa miaka tisa nyuma. Miaka tisa watu walikuwa wanabuni namba yoyote ili tu wapokelewe, na sisi tunaziingiza daftarini kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo usihesabu fomu, hesabu maswali. Kila swali lipe mstari wake kwenye daftari: nani anasoma jibu, analifanyia nini, na limetoka kwenye sheria ipi au kanuni ipi. Ukishakosa majibu matatu hayo, andikia idara husika ukieleza kwamba swali litaondolewa tarehe fulani kama hakuna atakayelitetea kwa maandishi. Neno "kwa maandishi" ndilo linalofanya kazi. Kwa mdomo kila mtu anatetea.

Mwenye fomu ni yule mwenye mamlaka ya kufuta swali. Msimpe kamati, mpeni mtu mwenye cheo, na cheo hicho kiandikwe kwenye rejista yako (usiandike jina la mtu, watu huhamishwa kama ulivyohamishwa wewe). Idara mbili zikitumia fomu moja, mwenyewe ni ile ambayo sheria imeipa kazi ya kutunza kumbukumbu hiyo. Nyingine ni msomaji tu. Wataununia uamuzi huo. Waache wanune.

Na ule mstari wa chini uliogeuka doa: namba ya fomu na tarehe ya toleo vipandishe juu kidogo, mbali na ukingo, na viwe kwenye kila ukurasa. Mashine ya fotokopi hula kingo kwanza. Siku mkitoa toleo jipya, kusanyeni la zamani kwa mkono, droo kwa droo. Kuchapa jipya ni kazi ya siku mbili. Kulitoa la zamani mikononi mwa watu kuliwahi kunichukua mwaka na nusu, kwa sababu kila karani ana rimu moja "ya dharura" na mpiga fotokopi wa nje ya geti anayo pia.

Bosi akikuona unaleta ya kwako, mwambie hata wakubwa wamelazimika. Marekani walitunga sheria ya kupunguza makaratasi mwaka 1980, wakaiandika upya 1995. Idara ya serikali kuu ikitaka kuuliza watu kumi au zaidi maswali yale yale, lazima kwanza ipate kibali cha ofisi ya usimamizi na bajeti iliyo chini ya rais, na kibali hakivuki miaka mitatu. Namba ya kibali na tarehe yake ya kuisha huchapwa kwenye fomu, pamoja na makadirio ya muda wa kuijaza. Fomu isiyo na namba halali, mwananchi haadhibiwi kwa kutoijaza. Makaratasi hayajawaishia, lakini angalau kila swali lina siku ya kufa lisipoombewa kuendelea kuishi.

Dirisha7

Kwa heshima zote mama, mimi ni wa dirishani na hapo kwenye vistari nakupinga kidogo. Kwetu kuna kisanduku cha "majina mengine unayotumia". Wengi wanakiacha. Lakini mwaka jana kimoja kilichojazwa ndicho kilichonionyesha kwamba waombaji wawili wa shamba moja ni mtu mmoja. Ningekifuta kwa kuhesabu vistari, leo ningekuwa naandika maelezo kwa mkuu wangu.

Halafu mleta mada, usituone makarani wabishi. Mimi nadai nakala iliyothibitishwa kwa sababu siku ya ukaguzi atakayeulizwa iko wapi ni mimi, hataulizwa aliyechora fomu. Ukitaka nisiidai, nipatie karatasi yenye saini ya wakaguzi inayosema kuangalia rejista ya ghorofa ya juu kunatosha. Siku hiyo hiyo naacha. Kaanze na wakaguzi kabla ya kuja kwetu.

BibiWaMasjala

Dirisha7 umenirekebisha, na nakubali. Kistari ni dalili tu. Swali la kuuliza ni hili: kikijazwa, uamuzi unabadilika? Chako kinabadilisha, kibaki hata kama ni mmoja kati ya mia. Changu kilikuwa hakibadilishi chochote hata kikijazwa na wote.

La wakaguzi nalo lingeniokolea miaka. Nililijua nikiwa karibu na kustaafu.

mfumo_umelala

Mimi ni mtu wa kompyuta, nijibu lile la skana. Ndiyo, utakuwa umekosea. Utakuwa na picha 212 za tatizo. Watu watazichapa, watazijaza kwa kalamu, watakuja nazo dirishani, na karani atazinakili upya kwa kubonyeza herufi moja moja. Tena ukiweka zile sura nne za leseni, umezihalalisha zote.

Kabla ya mfumo wowote, tengeneza kamusi ya visanduku. Nina hakika kwenye idara zako tano mtu yule yule anaitwa mwombaji, mmiliki, mlipaji, mnufaika na mtoa taarifa. Mashine haijui kwamba hao ni mmoja. Amueni neno moja, urefu mmoja, muundo mmoja wa tarehe. Mimi napenda mwaka-mwezi-siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka, sababu 03/04 ni mwezi wa tatu kwa mmoja na wa nne kwa mwingine.

Kwenye majina tahadhari sana. Msilazimishe "jina la kwanza, la kati, la ukoo" kana kwamba kila mtu ana matatu. Wekeni kisanduku kimoja kirefu cha jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya utambulisho. Na msidhani hati zote zinalibeba lote: ile mistari miwili ya kusomwa na mashine chini ya ukurasa wa pasipoti ina herufi 44 kila mmoja, na jina limetengewa nafasi 39 tu. Lenye urefu zaidi hukatwa. Nimeona mtu akiitwa mghushi kwa sababu karani alilinganisha jina lililokatwa na jina zima.

Mfano wa fomu ambayo imefaulu kuvuka ofisi ni apostili, ule uthibitisho wa hati za kutumika nchi nyingine, wa mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Ni mraba wenye pande zisizopungua sentimita 9, na ndani yake vipengele kumi vyenye namba. Ofisa wa nchi nyingine anaweza asijue lugha iliyoandikwa, lakini anajua namba 8 ni namba ya uthibitisho, 9 ni mhuri na 10 ni saini. Nanyi pangeni namba za visanduku, na kisanduku kikifutwa namba yake izikwe nacho. Mkiirithisha kwa swali jipya, kumbukumbu za nyuma zote zitadanganya.

Kuhusu yule mama wa cheti cha kifo: Estonia wana X-Road tangu 2001, njia ambayo idara moja inaiuliza rejista ya nyingine kupitia mtandao, na kila rejista inabaki kwa mwenyewe. Sheria yao pia inakataza kuanzisha hifadhidata mbili za kukusanya taarifa ile ile. Lakini usikimbilie huko na kitengo cha mtu mmoja. Kwa milango inayotazamana, daftari la kuangalizia na ruhusa iliyoandikwa vinatosha kuanzia. Ruhusa iseme wazi nani anaangalia nini na kila kuangalia kuandikwe, maana wa kodi ya majengo hana sababu ya kujua marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

KabatiBilaUfunguo

Shikamoo mama, na asanteni wote. Narudi na mrejesho wa siku kumi.

Nilianza na wakaguzi kama Dirisha7 alivyosema. Nilidhani nitafukuzwa. Mkaguzi akanisikiliza, akaniuliza nani alituambia wao wanataka nakala zilizothibitishwa. Sikuwa na jibu. Akaniambia wao wanataka kuona kwamba karani amehakiki, na namba ya ingizo la rejista na saini ya karani vinawatosha. Nimemwomba aandike. Ameandika, mistari minne. Nimeitoa nakala (najua, najua) na kila dirisha la ardhi lina yake ukutani.

Mfumo_umelala, bosi ameukataa mpango wa kamusi kwa sababu "hauonekani". Tumekubaliana niweke mtandaoni fomu sita, zile tu zilizopata mwenyewe, na kamusi naiandika kimya kimya. Nina maneno 58 sasa. "Mwombaji" ana majina saba, umekosea kwa mawili.

Kwenye majalada thelathini ya leseni nimekuta vistari kila mahali, mama. Kuna kisanduku kinachotaka anwani ya telegramu. Thelathini wote wamepitia hapo, na ishirini na tisa wamepiga kistari. Mmoja ameandika, kwa mwandiko wa kunyooka kabisa, "Sijapata bado."