Tupeane uzoefu: mstari mmoja ndani ya faili la hosts uliwahi kukusumbua vipi?

Mwanzisha mada, Sinza

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu faili dogo linaloitwa hosts. Limo ndani ya kila kompyuta yenye Windows, Linux au macOS, na wengi wetu hulifungua siku ya shida tu, tukafuata maelekezo ya mtu, tukalihifadhi na kulisahau. Naanza na langu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Mwaka juzi nilihamisha tovuti ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Kigamboni kutoka seva moja (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwenda nyingine. Kabla jina la tovuti halijaelekezwa rasmi kwenye seva mpya nilitaka kuikagua, kwa hiyo niliandika ndani ya hosts ya laptopu yangu mstari mmoja wenye anwani ya seva mpya ukifuatiwa na jina la tovuti. Matumizi hayo ni halali kabisa, na hadi leo nayapendekeza, kwa sababu wewe peke yako unaiona tovuti mpya kwa jina lake halisi huku wageni wote wakiendelea kuona ya zamani. Kazi ilikwenda vizuri, nikalipwa, nikaendelea na mengine. Mstari ulibaki.

Miezi mingi baadaye yule mama alihamia seva nyingine tena kwa msaada wa mtu mwingine, kisha akanipigia simu kuniomba nirekebishe bei za vyumba zilizokosewa. Nikafungua tovuti, nikaona bei sahihi, nikamwambia hakuna kosa. Akasisitiza, nami nikasisitiza. Kwa siku mbili nilibishana na mtu mzima aliyekuwa anasema kweli, hadi nilipoifungua tovuti ileile kwa simu yangu nikaziona bei alizokuwa akizitaja. Laptopu ilikuwa inaniletea nakala iliyosahaulika kwenye seva niliyomhamishia mimi, ambayo yeye alikwisha kuihama. Nilimwomba radhi, na jambo hilo bado linaniuma, kwani faili hili hutii lilichoandikiwa bila kukuonesha dalili yoyote kwamba limekupeleka kwingine.

Kwa ambao hawajakutana nalo: kompyuta haijui majina ya tovuti, inajua anwani za namba, na kazi ya kugeuza jina kuwa namba hufanywa na mfumo wa DNS. Kabla DNS haijakuwapo, mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, ulitegemea faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler, na kila kompyuta ilichukua nakala kutoka huko. Majina yalipozidi kuwa mengi utaratibu huo ulielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha muundo wa DNS. Faili la hosts halikuondolewa, na kwa kawaida kompyuta hulisoma kwanza, kabla ya kuiuliza DNS. Ndiyo maana mstari mmoja uliousahau unaweza kuishinda intaneti nzima ndani ya mashine yako.

Tangu siku ile, kila mstari ninaouongeza hutanguliwa na mwingine unaoanza na alama ya #, wenye tarehe, sababu na siku ya kuuondoa. Kompyuta hupuuza chochote kinachofuata alama hiyo, hivyo unaweza kuandika maelezo kwa Kiswahili chako bila hofu. Karibuni na yenu.

Fundi kompyuta, Kariakoo

Mkuu, nashukuru kwa mada hii. Mimi huletewa mashine na watu wanaosema, "Fundi, nimeandika mstari nilioambiwa na hakuna kilichobadilika." Mara nyingi mstari wenyewe ni sahihi, ila umeandikwa kwenye faili ambalo Windows hailisomi.

Aliyenifundisha hilo ni mhasibu mmoja aliyekuwa anaelekezwa kwa simu na waliomuuzia programu ya hesabu. Alitakiwa kuandika jina la seva ya ofisini kwake ili programu iipate. Alirudia zoezi hilo mara nne kwa siku mbili. Aliponiletea laptopu nilifungua folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc, na kwa macho nikaona mafaili mawili yanayoitwa hosts, jambo ambalo haliwezekani katika folda moja. Nikaenda kwenye mipangilio ya View nikaruhusu vifupisho vya mwisho wa majina vionekane, na la pili likajitambulisha kuwa hosts.txt. Notepad humwongezea mtu .txt anapohifadhi faili kwa jina jipya, na Windows kwa kawaida huficha kifupisho hicho, kwa hiyo mhasibu wa watu alikuwa anaandika kwa uangalifu mkubwa ndani ya faili ambalo mashine haina habari nalo.

Utaratibu ninaoutumia dukani ni huu. Natafuta Notepad kwenye menyu ya Start, nabofya kitufe cha kulia cha mausi na kuchagua Run as administrator, kwa sababu bila ruhusa hiyo Windows itakukatalia kuhifadhi mahali pale au itakushauri uhifadhi kwingine, na hapo ndipo hosts.txt huzaliwa. Nikiwa ndani ya Notepad nafungua folda niliyoitaja, halafu chini ya dirisha nabadilisha aina ya mafaili kuwa All Files. Usipofanya hivyo folda itaonekana tupu, kwa kuwa hosts haina kifupisho chochote mwishoni, na nimeona watu wakidhani limefutwa na virusi. Kabla sijagusa herufi moja, nanakili faili lote na kuliweka kwenye Documents kwa jina lenye tarehe. Nikimaliza kuandika nahifadhi kwa Ctrl na S tu, sipiti kwenye Save As wala sigusi mpangilio wa usimbaji wa herufi. Kisha nafunga kivinjari na kukifungua upya, na kama bado mambo ni yaleyale, nafungua Command Prompt na kuandika ipconfig /flushdns ili mashine isahau majibu ya zamani.

Mstari wenyewe ni anwani kwanza, nafasi, kisha jina. Usiweke http:// wala mkwaju wala namba ya mlango wa seva. Mteja mmoja aliniandikia jina kwanza na anwani baadaye, na hilo pia halifanyi kazi.

Mwanachama mpya, Gongo la Mboto

Shikamooni wakubwa. Nimefuata maelezo ya fundi nikafungua langu sasa hivi, sijahifadhi chochote. Nimekuta limeandikwa rhino.acme.com na x.acme.com pamoja na namba nisizozijua. Je, kompyuta yangu imeingiliwa?

Fundi kompyuta, Kariakoo

Marahaba, kijana. Hapana, usiwe na wasiwasi. Hiyo ni mifano ya Microsoft wenyewe na imo ndani ya hosts ya kila Windows. Tazama mwanzo wa kila mstari, utaona alama ya #, maana yake hausomwi. Hata mistari ya localhost (jina ambalo kompyuta hujiita yenyewe) chini yake ina alama hiyo kwenye Windows za siku hizi, kwa sababu jina hilo sasa hushughulikiwa ndani ya mfumo wenyewe. Funga bila kuhifadhi. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufuta.

Mama Steshenari, Mbagala

Mimi si mtaalamu, lakini nina kompyuta tatu za kuchapa na kuwasaidia wanafunzi wakati wa maombi ya vyuo na mikopo, kwa hiyo nimejifunza kwa lazima.

Kompyuta moja iliacha kufungua tovuti za makampuni ya antivirusi. Tovuti nyingine zote zilifunguka, za antivirusi tu hazikufunguka. Kijana aliyekuja kuitazama alishauri tufute kila kitu na kuweka Windows upya, na ndani yake kulikuwa na kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa. Nikamwomba tusubiri. Mdogo wangu alikuja jioni, akafungua hosts, na mwanzoni hatukuona kitu, ila ile mifano aliyoieleza fundi. Alikuwa karibu kulifunga nilipomwonesha kwamba mshale wa pembeni wa kushukia ulikuwa mdogo mno kwa faili fupi kama lile. Tukashuka, tukashuka, tukapita ukurasa baada ya ukurasa usio na neno, na chini kabisa tukakuta mistari mingi ya 127.0.0.1 yenye majina ya tovuti za antivirusi. Anwani hiyo ni ya kompyuta yenyewe, maana yake kila tulipotaka kwenda kwenye tovuti zile tulikuwa tunarudishwa nyumbani. Aliyetengeneza kirusi kile aliacha nafasi tupu makusudi ili anayefungua faili asishuke hadi huko.

Mdogo wangu alitaka kufuta mistari papo hapo, na alifuta, lakini tulipowasha mashine asubuhi ilikuwa imerudi yote. Kirusi kilikuwa bado hai na kilikuwa kinaiandika upya. Ikabidi kwanza tuichunguze mashine kwa Microsoft Defender hadi mwisho, ambayo ilitutajia tatizo kwa jina la HostsFileHijack pamoja na programu moja iliyoingizwa na mtu kwa flashi, tukaviondoa, ndipo tukasafisha faili na safari hii likabaki safi. Kwa hiyo naomba wenzangu wenye biashara kama yangu wazingatie mpangilio huo: kirusi kwanza, faili baadaye.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba mistari ileile ingeweza kuandikwa jina la benki na anwani ya mwizi. Hapo mteja wangu angeandika jina sahihi la benki yake na kupelekwa kwingine. Kivinjari kikitoa onyo kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, dukani kwangu hairuhusiwi mtu kubofya "endelea", hata kama ana haraka namna gani.

Mtengeneza programu, Kijitonyama

Pole sana, mama. Yangu ni mafupi. Nilikuwa na mazoea ya kuipa miradi yangu ya majaribio majina yanayoishia na .dev, yote yakielekezwa 127.0.0.1 ndani ya hosts. Mwishoni mwa 2017, baada ya kusasisha Chrome kuwa toleo la 63, miradi yote ilikataa kufunguka siku moja, kwa sababu .dev ni mali ya Google na kivinjari kilianza kuyalazimisha majina hayo yote kutumia https (njia ya mawasiliano iliyolindwa). Hosts ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa ni kuchagua jina ambalo si langu. Siku hizi natumia .test, ambayo ilitengwa rasmi kwa majaribio tangu 1999.

Naongeza onyo moja kuhusu kupima. Msitumie nslookup kuhakikisha kama mstari umekubali, kwani amri hiyo huenda kuiuliza DNS moja kwa moja bila kusoma hosts, nanyi mtadhani mmekosea wakati hamjakosea. Tumieni ping, mtaona anwani inayojibu mbele ya jina. Kwenye Linux tumieni getent hosts.

Baba wa watoto wawili, Tegeta

Niliitumia kuzuia tovuti za kamari kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa kuandika 0.0.0.0, anwani isiyofika popote, mbele ya kila jina. Ilinibidi niandike jina lenye www na lisilo na www kama mistari miwili, kwa kuwa faili hili halielewi alama ya nyota ya kujumlisha majina yote. Kijana wangu wa kidato cha tatu alihamia kwenye simu baada ya wiki moja. Sijaiondoa mistari hiyo, lakini nilichofanya hasa ni kukaa naye na kuzungumza.

Msimamizi wa seva, Posta

Kwa upande wa Linux faili lipo /etc/hosts, na kwenye macOS ni hapohapo. Unalihariri kwa sudo (amri ya kupata ruhusa ya msimamizi) na kihariri kama nano. Urahisi huo ndio ulioniponza.

Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na seva ya zamani ambayo hosts yake ilijaa mistari isiyo na maelezo, na mimi nikiwa mpya nikaamua kuisafisha. Nilifuta mistari ya mashine zilizokwisha kuondolewa, na kwa mkono uleule nikaondoa mstari wa 127.0.0.1 localhost, nikiamini ni masalia. Kwa muda hakuna kilichotokea. Usiku umeme ulikatika, seva ikawaka upya, na mfumo wa malipo ukashindwa kuipata hifadhidata iliyokuwa kwenye mashine ileile, kwa sababu ilikuwa inaitwa kwa jina la localhost na sasa hapakuwa na wa kulijibu jina hilo. Kila amri ya sudo nayo ilichelewa na kulalamika kwamba haitambui jina la seva, kwani nilikuwa nimefuta na mstari huo. Nilitafuta kosa kwenye hifadhidata hadi saa tisa usiku, ilhali lilikuwa kwenye faili nililoligusa mchana na ambalo sikulichukulia nakala.

Sasa hata kwa herufi moja nanakili kwanza, sudo cp /etc/hosts kwenda jina lenye tarehe. Na mstari nisioujua siufuti, nauwekea # mbele, nawasha huduma upya papo hapo nikiwa macho, nasubiri wiki kadhaa, ndipo nauondoa.

Mwanzisha mada, Sinza

Nashukuru sana, wakuu, na pole kwa usiku ule, mkuu wa Posta. Baada ya kusoma maelezo ya Mama Steshenari nilifungua hosts ya kompyuta ya baba yangu, nikashuka hadi chini kabisa. Hakukuwa na kirusi. Nilikuta mstari mmoja usio na #, wenye jina la tovuti ya shule niliyoitengeneza nikiwa chuoni, ambao niliuandika mwenyewe kwenye mashine yake wakati sina laptopu. Ndiyo sababu amekuwa akiniambia kwamba tovuti ile haifunguki kwake, nami nikimjibu kwamba ni mtandao. Nimechukua nakala ya faili, nimeuwekea mstari ule alama ya # na tarehe ya leo, nimepima kwa ping na anwani sahihi imejibu. Ameifungua sasa hivi na anasoma matokeo ya mjukuu wake.