Ushauri: Igizo la Mapigano ya Tanga ya 1914, vijana wameanza kuumia mazoezini

Mwalimu wa Chumbageni

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Tanga. Pamoja na walimu wenzangu tunaandaa igizo la Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, litakalochezwa katika eneo la wazi upande wa Ras Kasone, ambako ndiko walikoteremka wanajeshi wa Jenerali Aitken wa Uingereza waliotoka India. Washiriki ni wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne: nusu wanaigiza askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nusu wanaigiza kikosi cha Waingereza na Wahindi. Bunduki zao ni za mbao, kazi ya seremala, na kila moja imefungwa singe ya bati, yaani kisu cha kwenye ncha ya mtutu.

Mazoezini zimetokea ajali mbili. Katika shambulio la singe, ambalo ndilo kilele cha igizo, kijana mmoja aliteleza na singe ya mwenzake ikampasua juu ya nyusi, karibu kabisa na jicho. Baadaye msichana mmoja aliruka ukingo wa mtaro tulioufanya kuwa tuta la reli, akavunjika kifundo cha mguu. Wazazi wamekuja juu, na wana haki. Wakati huohuo wazee wa mtaa wanasema kwamba bila mlio na moshi igizo litapooza, na mmoja wao amejitolea kutuazima gobore lake. Hoja ya moshi ina msingi wa kihistoria, kwa kuwa askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na moshi wake ulikuwa mzito.

Sipendi kuliacha igizo hili, kwa sababu vita hivi huzungumzwa kama ugomvi wa Wazungu peke yao, ilhali waliokufa katika mashamba yale ni pamoja na watu wetu. Naomba ushauri: nibadilishe nini ili mtoto asiumie tena?

Jukwaani Bagamoyo

Pole sana, Mwalimu, na wape pole vijana wetu.

Nimefundisha mapigano ya jukwaani kwa muda mrefu. Ajali ya singe uliyoieleza husababishwa na jambo moja: vijana wameachwa wapigane, wakati walipaswa kucheza hatua zilizopangwa, kama wanavyocheza ngoma. Mtu akikimbilia kundi la watu bila kujua atakutana na nani, mwili wake hujilinda wenyewe na mikono hupanda juu, na hapo ndipo ncha inapofika usoni. Wapange wawili wawili, na jozi hizo zisibadilike hadi siku ya onyesho. Kabla ya kuchoma, mshambuliaji amtazame mwenzake machoni na asubiri aitikie kwa kichwa. Asipoitikia, pigo halipo. Singe ielekezwe nje ya nyonga, pembeni ya mwili, kamwe isielekezwe kifuani wala usoni, na wasimame umbali ambao hata mkono ukinyooka wote ncha haimgusi mtu. Anayechomwa ndiye anayeamua kuanguka lini na vipi. Mtazamaji aliye mbali hawezi kutambua tofauti, hasa ukiwapanga wapigane kwa ubavu wakimwelekea yeye.

Zile singe za bati ziondoe leo. Kata nyayo za kandambili kuukuu kwa umbo la singe, ncha uiache butu na pana kama kidole gumba, zipake rangi ya fedha, kisha zifunge kwenye mtutu kwa mpira wa baiskeli. Zikigonga kitu hupinda, na kutoka hatua chache huonekana kama chuma.

Mazoezi yaanze polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji, na mwendo uongezwe pale tu ambapo jozi zote zimezoea. Siku ya onyesho watu hupandwa na hamasa kwa kusikia shangwe, kwa hiyo mwendo wa siku hiyo uwe chini kidogo ya ule wa mazoezi ya mwisho. Kuhusu kuruka, futa kabisa; watelemke kwa kuketi, na ardhi ikaguliwe kila asubuhi, mashimo yafukiwe na vigingi ving'olewe.

Wakili wa Makorora

Gobore usiliguse, Mwalimu. Ni silaha ya moto, na liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mzee hana mamlaka ya kuliazima, nawe huna mamlaka ya kulipokea.

Wala usikubali kuambiwa kwamba baruti isiyo na risasi haina madhara. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, alijiwekea kipajini bastola yenye risasi tupu akaifyatua, na nguvu ya mlipuko wa risasi hiyo tupu ikampasua fuvu. Mwaka 2021 mpigapicha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa kule New Mexico kwa bastola iliyodhaniwa kuwa haina risasi ya kweli. Na filamu hiyo ya 2021 ilikuwa na mtaalamu wa silaha kazini. Mlio upigwe kwa ngoma na spika, na mfahamishe OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, mapema ili mji usitaharuki.

Mrina Asali, Muheza

Mwalimu, wewe unafundisha historia ya mapigano yale, kwa hiyo unajua kwamba mwaka ule nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia wanajeshi hadi wakavunja safu. Nyuki wa pwani hii hawajabadilika. Kelele kubwa na mtikisiko huwakasirisha, na miembe na mibuyu ya huko ina makundi mengi. Zungukia eneo lote siku chache kabla ya onyesho, asubuhi jua likishapanda, utazame mashimo ya miti na mapaa ya magofu. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka, mwite mrina awahamishe usiku, au hamisheni igizo. Wakishambulia, vijana wasipigepige mikono wala wasijitupe majini. Wafunike uso kwa shati na wakimbie hadi ndani ya nyumba au gari lililofungwa, kwa sababu nyuki akishauma huacha harufu inayowaita wenzake.

Jambo jingine ni mkonge. Ncha ya jani lake ni mwiba mgumu ulio usawa wa jicho la mtu aliyeinama, na askari anayenyatia huinama. Msipitishe mashambulizi shambani.

Muuguzi Mstaafu

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni joto. Novemba ya Tanga ina unyevu mwingi, na mtoto aliyevaa nguo nzito huku akikimbia juani huzimia kabla ya kupata jeraha lolote. Onyesho liwe baada ya alasiri, sare ziwe za pamba nyepesi, na kila mtu anywe maji kwa amri, asisubiri kiu. Anayeacha kutoka jasho, anayeropoka au kuyumba, apelekwe kivulini, alowanishwe maji mwili mzima na kupepewa, huku gari likiitwa.

Jicho likichomwa, msilisugue, msilibonyeze, msitie dawa wala maziwa. Funikeni kwa kikombe kisichogusa jicho na mwende hospitali. Aliyegongwa kichwa akitapika au akisinzia, asirudishwe nyumbani. Aliyeumwa na nyuki akavimba midomo au akapumua kwa shida, hiyo ni dharura ya dakika, si ya saa. Gari lenye dereva likae pale uwanjani tangu mazoezi, mbele yake pasizibwe na watazamaji.

Mwalimu wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Singe za bati zimeshavuliwa, mzee wa gobore nitamwendea mwenyewe kwa heshima, na tuta la reli litabaki mchoro wa chokaa ardhini. Kwa ajili ya moshi, wenzangu wanapendekeza kurusha unga wa ngano. Tena, watu wengi watakuwa wamelala chini wakiigiza maiti. Nitamjuaje aliyeumia kweli?

Jukwaani Bagamoyo

Unga ukitanda hewani karibu na moto hulipuka. Tumieni mashine ya moshi ya kumbi za harusi, au mwache moshi.

Kuhusu walioanguka, chagueni neno moja ambalo halimo katika igizo, kwa mfano «Simama kweli». Yeyote akilisikia alirudie kwa sauti, aweke bunduki chini na apige goti, hata kama mkuu wa mkoa anatazama. Wawekeni walimu wanne wenye filimbi na fulana za rangi moja ndani ya uwanja, kila mmoja na kundi lake, kazi yao ikiwa kuwapitia walioanguka. Mwalimu akigusa bega, kijana aliye mzima anyanyue kidole gumba. Asiyenyanyua ndiye mnayemwendea.