Mrejesho: bustani ya shule ya msingi na shida ya likizo

Wakuu, niliuliza namna ya kuanzisha bustani shuleni ambayo haitakufa shule ikifungwa. Asanteni sana. Aliyesema tuanze na mboji (mbolea ya majani yaliyooza) kabla ya mbegu alituokoa: majani makavu mengi, mabichi kiasi, tunaigeuza kila wiki. Udongo uliokuwa mgumu kama tofali sasa unachimbika kwa mkono. Matandazo ya kufunika udongo nayo yamepunguza sana kumwagilia. Maharage yamestawi. Nyanya zilikauka likizo, maana zamu ya wazazi ya kumwagilia mliyoshauri ilififia mapema. Chupa zilizotobolewa na kufukiwa kando ya mashina zinasaidia, ila lazima awepo wa kuzijaza maji! Muhula ujao tunapanda mboga za kuvunwa kabla ya kufunga shule.