Sungura wa watoto wamezaa: tuwafuge, tuwauze au tuwale?

MamaWawili (Kasarani)

Wenzangu, naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeigawa nyumba yangu. Binti yangu wa miaka 10 aliagizwa shuleni aanzishe mradi wa nyumbani wa somo la Kilimo. Tulijaza udongo katika magunia manne, tukasimamisha nguzo ya kokoto katikati ya kila gunia ili maji yafike hadi chini, kisha tukatoboa ubavuni na kupanda miche ya sukumawiki. Mboga zilistawi kuliko tulivyotarajia, hata binti akawaza kwamba yale majani magumu ya chini tusiyoyapika yangeweza kulisha sungura. Baba yao alinunua mbao za paleti katika soko la Gikomba, na kwa Jumamosi mbili mfululizo alipigilia kibanda pamoja na watoto, kazi iliyomgharimu ukucha wa kidole gumba. Tulikiweka nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi wa ploti, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli.

Muuzaji alituhakikishia kwamba sungura wote wawili ni majike, na watoto wakawaita Njugu na Malkia. Siku 12 zilizopita tulikuta Njugu amezaa vitoto sita, navyo vilikuwa uchi na macho yamefumba, na hivyo ndivyo tulivyotambua kwamba Malkia ni dume.

Mume wangu anasema kwamba tangu mwanzo alielewa kuwa sungura ni kitoweo, kama ilivyokuwa kwao alipokuwa mdogo. Binti aliposikia hayo alisusa chakula cha jioni. Mdogo wake wa miaka sita ana huzuni ya namna yake, maana anaamini kwamba Njugu hawapendi wanawe kwa sababu haonekani akiwanyonyesha. Isitoshe, majirani wa ghorofa ya kwanza wamemlalamikia keateka (mtunza ploti) kuhusu harufu ya mkojo. Je, tuwafanyie nini hawa wanane, harufu tuiondoe vipi, na je, samadi yao inafaa kutiwa kwenye magunia?

Fundi wa Paleti

Dada, harufu hiyo inatoka kwenye sakafu. Mbao hunywa mkojo, na hata ukiosha kila siku utakuwa unaosha juu tu. Ng'oa sakafu yote uweke wavu mgumu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, wala usikubali kuuziwa ule wavu mwepesi wa kuku, kwa sababu mbwa huurarua. Chini ya wavu laza kipande cha mabati kwa mteremko ili mkojo utiririke hadi kwenye ndoo. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji watakukatia kwa kipimo. Hata hivyo usiwaache sungura wakanyage waya mchana na usiku, kwani nyayo zao za nyuma huota vidonda. Acha ubao mmoja wa kupumzikia, usiopigiliwa misumari, uwe ukiutoa, ukiusugua na kuuanika juani.

Pole kwa ukucha wa mzee.

Mkulima wa Gunia

Umepata mbolea bila kwenda agroveti! Tofauti na kinyesi cha kuku, ambacho huunguza mimea kisipoozeshwa kwanza, vile vipande vikavu vya kinyesi cha sungura unaweza kuvitia moja kwa moja kwenye gunia, konzi moja moja, ukivifunika kwa udongo kidogo. Mkojo ni mkali zaidi, kwa hiyo uchanganye na maji mengi kabla ya kuumwagilia. Kuhusu chakula, wape sukumawiki hadi washibe, na ifikapo Desemba muwachome. Sioni kwa nini swali hili liwe gumu.

Mstaafu wa Mifugo

Mama, maswali yako yote ni mazuri, lakini la haraka zaidi hukuliuliza. Umesema kibanda kiko chini ya mparachichi. Majani na magome ya mti huo yana sumu inayodhuru moyo wa sungura, na jani likianguka karibu na waya sungura atalivuta ndani alitafune. Kihamisheni leo, kabla hata ya kufikiria sakafu, na mtoto mdogo aonywe asiwachumie majani ya mparachichi, ya nyanya wala ya viazi.

La pili, hukusema kama Malkia ametengwa. Jike wa sungura anaweza kushika mimba siku ileile aliyozaa, na mimba huchukua takriban siku 31. Ikiwa dume amekaa naye siku hizo zote 12, hesabuni kwamba uzao mwingine uko njiani. Mtengeni sasa, tena mbali, na ifikapo siku ya 28 hivi tangu azae mtayarishieni Njugu sanduku lenye nyasi kavu. Vitoto hivi sita kwa kawaida ningeviacha kwa mama hadi wiki ya sita au ya nane, lakini ikithibitika kwamba ana mimba, vitenganisheni katika wiki ya tano ili mama apumue. Wakati huohuo vipimwe jinsia na mtu anayejua, kwa maana mnajionea wenyewe thamani ya neno la muuzaji.

Mwambie mdogo wetu kwamba Njugu ni mama mwema. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kwa dakika chache tu, mara nyingi usiku au alfajiri, kisha hukaa mbali na kiota asije akawaonyesha adui mahali wanawe walipo. Mdogo wetu anawe mikono, aguse tumbo la kitoto kimoja asubuhi. Likiwa la mviringo na limejaa, kimenyonya.

Nampinga ndugu Mkulima kuhusu sukumawiki. Ikizidi huleta gesi na kuhara, na sungura hatapiki, kwa hiyo tumbo likivimba ana taabu kubwa. Chakula chake kikuu kiwe nyasi, hasa nyasi kavu, na majani yenu yawe kitoweleo tu. Kisha wekeni kila mguu wa kibanda ndani ya kopo lenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku hawaachi kitoto hata kimoja.

Shangazi wa Umoja

Nami niseme na baba watoto, kama atasoma. Nimekula sungura tangu utotoni na sina ubaya naye, lakini huyu aliyepewa jina na mtoto wako, tena jina la Malkia, amekwisha kuwa mgeni wa nyumba. Ningewaachia watoto sungura wale wawili wa kwanza. Vitoto vinavyozaliwa visipewe majina, na binti aambiwe wazi tangu leo kwamba vitauzwa na kwamba huenda mnunuzi akavila. Asidanganywe kwamba vimepelekwa shambani kwa nyanya yake. Watoto huja kuuliza habari za shamba hilo.

MamaWawili (Kasarani)

Asanteni nyote. Jioni ileile tulikibeba kibanda watu wanne hadi ukutani, upande wa mashariki, na mume wangu akatengeneza kivuli kwa gunia. Sakafu ya waya imewekwa na majirani wamenyamaza. Malkia alihamia kreti ya soda iliyofunikwa waya, naye baba mtu akisema ni kwa muda, ingawa nimemwona akimpelekea maganda ya karoti kutoka kwa mama mboga.

Binti alisikiliza maneno ya shangazi bila kulia, akaomba jambo moja: fedha za mauzo ziandikwe katika daftari lake la mradi, na yeye asiwepo siku ya kukabidhi. Mdogo wake hukagua matumbo kila asubuhi na kutangaza matokeo mezani.

Mzee Mstaafu, ulituambia tuhesabu siku. Leo ni ya 31. Alfajiri tumemkuta Njugu akinyofoa manyoya ya kifua na kuyapanga katika sanduku. Vile sita bado viko naye, vinarukaruka humohumo. Je, nivitoe asubuhi hii, au nisubiri azae kwanza?