Naomba ushauri: kimepandikizwa kiinitete kimoja, kipimo kinaonyesha vifuko viwili

Saisi_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni saisi, mtunza farasi, niko Batinah huku Oman, mwaka wa nne sasa. Tajiri ana farasi jike wa Kiarabu anayempenda kuliko mali zake zote. Alihimilishwa kwa mbegu za dume wa nje, na siku ya 7 baada ya yai kupevuka daktari akamsafisha mfuko wa uzazi, akapata kiinitete kimoja, akakiweka kwa jike mwingine wa kubeba mimba. Leo kiinitete kina siku 14. Daktari kapima kwa ultrasaundi, vifuko viwili vya mimba! Yeye anadhani kwenye mrija wa kupandikizia kulikuwa na viinitete viwili na kimoja hakukiona. Kesho atakiminya kimoja kife, chochote kitakachoshikika kirahisi. Swali langu: kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kikawa pacha? Usingizi sina.

MamaChumbageni
Pole mwanangu. Mimi wangu mapacha nilijua siku ya kujifungua, mkunga akasema "mama usishuke kitandani, kuna mwenzake". Sasa hivi wana miaka 31. Mungu akipanga wawili, waacheni wawili.

Mzee_wa_Gilgil
Mama, kwa farasi si hivyo. Nimefuga farasi wa polo miaka mingi. Kuna mmoja alibeba pacha hatukujua, mwezi wa nane akatoa wote wawili, tukawazika chini ya mgunga. Kondo la farasi linataka ukuta mzima wa mfuko wa uzazi. Wakiwa wawili wanagawana, na mmoja akidumaa akafa, anamvuta mwenzake. Siku ile sikula chakula.

Daktari_Moro
Saisi, kugawanyika hutokea ila ni nadra sana, na pacha wa namna hiyo kwa kawaida hukaa ndani ya kifuko kimoja. Leo usingewaona wawili. Vifuko vina ukubwa gani? Yai la mpokeaji lilipevuka lini? Na alikaribiana na dume?

Saisi_Tanga
Daktari, kimoja milimita 20, kingine 13. Mpokeaji alichelewa siku mbili nyuma ya mwenye kiinitete, nao walisema inafaa. Tunampa altrenojesti, dawa ya homoni ya kushikilia mimba, kila asubuhi. Dume hakuna, mabanda yote yana kufuli. Mimi nafikiria kumwomba daktari wetu asubiri mpaka siku ya 25, mapigo ya moyo yaonekane. Nimesikia kimoja hunyauka chenyewe.

Dada_wa_Mazizi
Hiyo altrenojesti unaishika kwa glavu? Inapenya ngozini. Mimi nilifanya kazi hiyo Dubai bila kuambiwa, hedhi ikavurugika miezi mitatu. Kama kuna mwanamke hapo banda, mjamzito hasa, asiiguse kabisa.

Daktari_Moro
Dada kasema kweli. Saisi, usisubiri. Mpaka kama siku ya 16 vifuko hutembea ndani ya mfuko wa uzazi, daktari anaweza kuvitenganisha. Baada ya hapo hutulia, na vikitulia pembe moja ya mfuko wa uzazi vimegusana, ukiminya kimoja unaweza kuvipoteza vyote. Ni kweli huko pembe moja kimoja mara nyingi hufa chenyewe, lakini huchagui kipi. Na mimba ikiharibika baada ya siku ya 35 hivi, mfuko wa uzazi umeshaota vikombe vya homoni, jike hatashika mimba nyingine kwa miezi.

Lakini kuhusu dume hujanijibu ukweli. Milimita 7 ni kama siku mbili za kukua, siku zilezile alizochelewa mpokeaji. Kile kidogo kinafanana na mimba yake mwenyewe. Nani alimpanda?

Kijana_Kinondoni
Hii ni chai, tena ya tangawizi. Farasi wa mbio hawaruhusiwi kupandikizwa viinitete, mtoto hasajiliwi. Na saisi anajuaje milimita?

Bin_Seif
Ndugu, katazo hilo ni la farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred. Farasi wa Kiarabu wanaruhusiwa. Na milimita zinasomeka kwenye skrini, saisi ndiye anayemshika farasi pembeni yake. Muacheni aseme.

Saisi_Tanga
Situngi. Nitasema. Usiku ambao mpokeaji alikuwa kwenye joto nilikuwa zamu. Nilifunga lango kwa kamba, kufuli iliharibika, nilishaomba mpya mara mbili. Alfajiri nikamkuta dume mdogo wa jirani ndani. Nilimtoa, nikanyamaza. Visa yangu iko kwa kafili, mdhamini wangu wa kazi, nina watoto watatu na ada ya Januari. Nikasema basi, daktari akiminya yeyote, huenda bahati ikaniangukia.

Mzee_wa_Gilgil
Kijana, kufuli mbovu si dhambi yako. Kunyamaza ndiko kunakokula usingizi wako.

Daktari_Moro
Na bahati haitakuficha. Mimba ni miezi 11, halafu mtoto wa Kiarabu hupimwa vinasaba kabla ya kusajiliwa, vinyweleo vya singa vinatosha. Vitasema mama yake ni mpokeaji na baba ni dume wa jirani. Mwambie daktari wako kabla hajavaa glavu, akiminye kile kidogo. Si hakika kamili, maana kiinitete kilichohamishwa pengine huchelewa kukua, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Saisi_Tanga
Nimempigia. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza siku na saa, akasema atapima upya kabla ya kuminya. Tajiri bado sijamwambia.

Kijana_Kinondoni
Saisi, nisamehe kwa neno la chai.

Bin_Seif
Tajiri asisikie kwa daktari kwanza. Njoo faragha sasa hivi, nikusaidie kuuandika ujumbe kwa Kiarabu. Na ile kufuli tuiandike, pamoja na siku mbili ulizoiomba.