Mrejesho: ule mlimao wenye majani meusi

Aksanti sana, bandugu. Mwezi uliopita niliwauliza juu ya mlimao wangu hapa Goma: majani yalijaa masizi, nami nikadhani ni moshi wa jiko la makala. Kumbe! Nilipogeuza jani nikakuta vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) wamejibana upande wa chini, na sisimizi wanapanda na kushuka kama watu wa soko la Virunga. Masizi yale ni kuvu inayoota juu ya utamu unaotolewa na vidukari.

Nilipulizia maji ya sabuni jioni, kila siku ya 4 (mama bado ananidai sabuni yake), nikakata tawi lililogusa ukuta, maana ndilo lilikuwa daraja la sisimizi, wanaowalinda vidukari ili wapate ule utamu. Majani mapya yametoka safi. Ya zamani ninayafuta kwa kitambaa, moja moja. Maua bado.