Simba wa kizimbani aondoke, chura wa Kihansi aletwe: mnasemaje?

Mwaka jana tulipeleka darasa la tano kwenye bustani ndogo ya wanyama. Coaster mbili, wazazi wamechanga nauli, kiingilio na soda. Jina la bustani silitaji, maana sitaki mjadala ugeuke kesi ya mtu mmoja, na nimeona nyingine zinazofanana nayo.

Simba alikuwa mmoja, dume, kwenye kizimba nilichokipima kwa hatua zangu nikiwa nje: kumi na nne kwa tisa. Upande wa wageni, chini ya wavu, palikuwa na njia iliyochimbika kama ile ya ng'ombe kwenda kunywa maji, udongo umeshindiliwa hadi unang'aa. Simba anakwenda, akifika kwenye kona anageuza kichwa kushoto, anarudi. Anakwenda tena, kona ileile, kushoto tena. Watoto walishangilia kwa dakika chache, kisha wakanyamaza. Msichana mmoja akanivuta mkono: "Mwalimu, anatafuta nini?"

Nilimwambia anasubiri chakula. Nilimdanganya, na ndiyo sababu ninaandika.

Mnyama anayerudia mwendo mmoja namna ile saa nzima hatafuti kitu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wao juu ya spishi 35 za wanyama walao nyama wanaofugwa vizimbani. Waliona kwamba kadiri mnyama anavyotembea eneo kubwa zaidi porini, ndivyo anavyozidi kupiga zile raundi kizimbani, na ndivyo watoto wake wanavyozidi kufa. Sasa mfikirie simba. Kundi moja huko Serengeti hutawala makumi ya kilomita za mraba, wakati mwingine mamia. Sisi tumempa hatua kumi na nne kwa tisa.

Msimamo wangu ni huu: bustani ndogo zisifungwe, ila simba, chui, fisi na sokwe watoke humo, na nafasi yao wapewe wanyama wanaoweza kuishi vizuri mahali padogo. Nimeshayasema haya kwenye chumba cha walimu na nimepingwa vikali, tena na watu ninaowaheshimu. Hoja zao naziweka hapa ili anayekubaliana nazo aziendeleze.

Mwenzangu anayefundisha sayansi aliniambia: "Wewe unaongea kama mtu mwenye gari. Mtoto huyu hatafika Serengeti mpaka anazeeka. Simba wake ni yule wa kwenye wavu au yule wa kwenye noti." Hoja hii ni nzito na sitaipita haraka. Ni kweli kwamba nchi yetu inaishi kwa watalii wanaokuja kuona wanyama, huku watoto wetu wakiwajua kwa picha. Mwanza ndiyo inayoniuma zaidi. Lango la Ndabaka la Serengeti liko pembeni kabisa ya barabara kuu ya kwenda Musoma, mabasi yanapita pale kila siku, na wapo watoto Mwanza waliopita mbele ya lango hilo mara nyingi bila kuingia. Kiingilio cha Mtanzania si ndicho kikwazo. Kikwazo ni gari la kutembelea ndani.

Lakini nilimuuliza, na ninawauliza nyinyi: watoto wale walijifunza nini kuhusu simba siku ile? Kwenye vitabu tunawafundisha kwamba simba huishi kwa kundi. Pale alikuwa peke yake. Tunawafundisha kwamba majike ndio wawindaji wakuu. Pale hapakuwa na jike wala windo, palikuwa na ndoo. Kesho yake niliwapa kazi ya kuchora. Karibu wote walichora simba mwenye manyoya shingoni kama yule wa kwenye madaftari. Mmoja tu ndiye aliyechora ile njia, mstari mnene wa kahawia chini ya wavu, na simba kadogo juu yake. Kwangu huyo ndiye aliyeona. Na alichokiona si simba, ni kifungo.

Mwingine akasema simba hata porini hulala saa ishirini kwa siku, kwa hiyo kizimba hakimpunguzii kitu. Kulala ni kweli. Tatizo ni kwamba yule wetu halali. Simba aliyeshiba na kutulia hujibwaga kivulini, hata ukipita na gari hakuinulii kichwa. Nendeni mkamwangalie wa kizimbani saa nne asubuhi, mtajionea wenyewe.

Hoja iliyonifanya nikae kimya muda mrefu ni ya tatu: bustani za wanyama zimeokoa viumbe visitoweke. Ni kweli, na mfano mkubwa kuliko yote ni wa kwetu. Mwaka 1996 aligunduliwa chura katika korongo la mto Kihansi, kwenye mteremko wa milima ya Udzungwa. Hafiki hata sentimita tatu, ana rangi ya njano ya dhahabu, na hatagi mayai kama vyura wengine: anazaa watoto hai, wadogo kama mbegu. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zinazolowana kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakakusanywa vyura 499 wakapelekwa Marekani, bustani ya Bronx kule New York, na baadaye wengine wakatunzwa kwenye bustani ya Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena. Mwaka uliofuata wakarudishwa 100, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi kwenyewe, walikofungiwa mabomba ya kuwanyunyizia.

Kwa hiyo anayesema bustani haina faida yoyote namkatalia. Lakini tazameni aliyeokolewa ni nani na aliokolewa vipi. Ni chura anayekaa kwenye tanki la kioo, wenzake wakiwa mamia, na unyevu unapimwa kila siku. Tanki kama hilo linaingia kwenye chumba kimoja cha bustani ndogo yoyote mkoani. Hata kama Kihansi mwenyewe hatolewi kirahisi, na sidhani kama anapaswa kutolewa ovyo, wapo vyura wetu wengine, vinyonga, chatu, kobe, bundi, nungunungu, digidigi. Mtoto anaweza kukaa nusu saa akimwangalia kinyonga akivuta ulimi, na kinyonga hatembei kilomita makumi kutafuta maisha. Ni mtoto gani wa shule ya msingi aliyewahi kusimuliwa habari za chura huyu aliyekwenda Marekani akarudi? Wangu walikuwa hawajasikia hata jina.

Mfano wa karibu zaidi ni kisiwa cha Changuu, Unguja. Kobe wakubwa wa Aldabra walipelekwa pale mwaka 1919, wanne tu, zawadi kutoka Shelisheli. Walizaana hadi wakafika kama 200 miaka ya hamsini. Baadaye wakaibiwa, wakaibiwa, hata 1996 wakabaki saba. Wakawekewa ulinzi, wakaongezeka tena. Leo unaingia, unampa jani, anatembea anakotaka. Hapo sijawahi kusikia mtoto akiuliza anatafuta nini.

Kuna jambo la fedha ambalo wenye bustani hawapendi kulizungumza. Simba anahitaji nyama, tuseme kilo tano kwa siku kwa wastani. Kwa mwaka ni kilo 1,825, kwa simba mmoja. Nyama hiyo inatoka mlangoni, kwenye viingilio, na viingilio vya bustani ndogo vinatoka kwenye ziara za shule. Mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni kwa sababu ya corona. Tumbo la simba halikufungwa. Kobe anaweza kuvumilia mwezi mbaya wa biashara; simba hawezi, na anayelipa ni mbavu zake.

Na hili niwaambie kwa uchungu. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne, walipandishwa ndege pale KIA kwenda Qatar. Nchi nzima iliwaka, bungeni hadi vijiweni, na mpaka leo ukisema "twiga wa KIA" kila mtu anaelewa. Tuliona aibu mnyama wetu kwenda kufungiwa ugenini. Mbona akifungiwa nyumbani, kwenye wavu wenye kutu, tunalipa kiingilio na kupiga naye picha? Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Haisemi awe amevuka mpaka kwanza.

Mahali nilipokwama ni hapa, na ndipo ninapotaka michango yenu. Simba yule yupo, leo, sasa hivi. Porini hawezi kurudishwa: amekulia mikononi mwa watu, hajui kuwinda, na akiachiwa ataelekea zizini kwa mtu. Yapo yaliyowezekana kwa wengine. Sokwe waliotoka bustani za Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo miaka ya sitini na uzao wao uko huko hadi leo. Lakini sokwe anakula matunda na majani, hahitaji kufundishwa kuua. Pendekezo langu ni abaki hadi mwisho wake, apanuliwe eneo, awekewe magogo na kichuguu cha kupanda, nyama ifichwe aitafute badala ya kutupiwa, na asiletwe mwingine baada yake. Mwenye bustani niliyemweleza haya alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, nikimwondoa simba, wewe utaleta tena watoto?"

Nilimjibu nitaleta. Walimu wenzangu na wazazi, nanyi mngeleta?